SOMO LA WANACHAMA: KULIPANGA UPYA JIKO KABLA YA KUBOMOA UKUTA

Madhumuni ya somo

Somo hili limekusudiwa wanachama wa vyama vya msingi pamoja na jamaa zao, hasa wale wanaotazamia kutumia sehemu ya malipo ya mazao kutengeneza jiko. Mfano uliotumika ni wa jiko katika kata ya Nyamisangura, Tarime, lakini kanuni zake zafaa mahali popote. Baada ya kulisoma na kulijadili, mwanachama ataweza:

(a) kupima mwendo wa mpishi ndani ya jiko lake;
(b) kutofautisha kosa la mpango na kosa la jengo;
(c) kuujaribu mpango mpya bila gharama;
(d) kuigawa kazi katika hatua zinazolingana na fedha iliyopo.

Katika somo hili neno "jiko" lina maana ya chumba cha kupikia, na neno "meko" ni mahali pa moto.

1. Tatizo lenyewe

Mara nyingi jiko la familia hujengwa mwisho. Nyumba kubwa hupewa nafasi ya kwanza, kisha kipande cha kiwanja kinachobaki nyuma yake ndicho hupewa jiko. Ichukuliwe mfano wa jiko la namna hiyo katika Nyamisangura: chumba chembamba chenye milango miwili inayotazamana, mmoja ukielekea nyumba kubwa na mwingine ukielekea uani. Mafiga yamewekwa katikati. Pipa la maji liko pembe moja, kuni zimerundikwa pembe nyingine, unga umehifadhiwa nyumba kubwa, na kichanja cha vyombo kiko nje. Kila anayetoka uani kwenda ndani hupita kando ya moto, wakiwemo watoto wadogo.

Familia yenye jiko kama hilo kwa kawaida huulaumu udogo wake. Basi fundi huitwa, ukuta husogezwa mita mbili, matofali na mabati hununuliwa kwa fedha ya msimu mzima. Kazi ikiisha, moshi ni ule ule, watoto wanapita pale pale, na safari za mpishi zimekuwa ndefu kuliko kwanza. Fedha imelipanua kosa bila kuliondoa.

2. Udogo si kosa

Mwaka 1926 mjenzi wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi katika mji wa Frankfurt, Ujerumani. Upana wake ulikuwa mita 1.9 hivi na urefu mita 3.4 hivi. Miongoni mwa mambo aliyojifunza kwayo ni majiko ya mabehewa ya treni, ambamo chakula cha watu wengi hupikwa katika nafasi finyu sana. Alipanga vitu kwa kufuata utaratibu wa kazi, hata mpishi akavifikia kwa hatua chache.

Hata hivyo jiko la Frankfurt lisiigwe lilivyo. Lilifanywa kwa mtu mmoja, na wawili wakiingia walisumbuana. Katika kaya za Tarime mama hupika pamoja na binti au mkaza mwana, na mara nyingine mtoto mchanga yupo mgongoni. Kinachofaa kuchukuliwa ni njia aliyoitumia: kuitazama kazi kwanza, kisha kukipanga chumba.

3. Kupima mwendo wa mpishi

Kupima hakuhitaji chombo chochote isipokuwa kipande cha karatasi na mtu wa kuhesabu, kwa mfano mwanafunzi wa shule ya msingi. Katika mapishi ya mlo mmoja, mhesabuji huandika mambo mawili: idadi ya hatua kutoka kwenye meko hadi kila kitu kinachohitajiwa, na mara ngapi mpishi amekiendea. Hatua zizidishwe mara mbili, kwa kwenda na kurudi.

Katika jiko la mfano hesabu ni kama ifuatavyo:

Maji: hatua 6, safari 6. Jumla 72.
Unga: hatua 14, safari 2. Jumla 56.
Kuni: hatua 7, safari 4. Jumla 56.
Vyombo: hatua 9, safari 5. Jumla 90.
Jumla kuu: hatua 274 kwa mlo mmoja.

Sasa vitu vipangwe upya pasipo kugusa ukuta. Maji na kuni za siku moja viwekwe hatua 2 kutoka kwenye meko, kila kimoja upande wake. Unga wa juma uwekwe katika debe lenye kifuniko, hatua 3. Na vyombo vya kila siku vipewe rafu ya ndani, hatua 3. Safari zikiwa zile zile, hesabu huwa 24, 12, 16 na 30, yaani hatua 82. Mpishi ameokoa hatua 192 kwa mlo mmoja, na kwa milo mitatu hatua 576. Ikiwa hatua moja ni sentimita 60, mwendo huo wazidi mita 345 kila siku, na sehemu yake kubwa hutembewa akiwa na kitu mkononi.

4. Kanuni nne za mpango mzuri

Kanuni ya kwanza ni ya njia. Njia ya wapitaji isikate njia ya mpishi. Penye milango miwili inayotazamana, mstari baina yake ndio barabara ya nyumba, na meko hayapasi kukaa barabarani. Yahamishiwe upande mmoja wa chumba, na ule upande wa pili uachwe wa kupita, wenye upana wa sentimita 90 hivi. Badiliko hili moja humkinga mtoto na maji ya moto kuliko makemeo ya siku nzima. Iwapo chumba ni chembamba mno, mlango mmoja uzibwe, na wapitaji wazunguke nje.

Kanuni ya pili ni ya moshi na hewa. Moshi hupanda, kwa hiyo tundu lake liwe juu: nafasi kati ya ukuta na paa, au bomba la kutolea moshi. Kabla ya kuchagua mahali pa meko, uwashwe moto mdogo asubuhi, adhuhuri na jioni, na moshi utazamwe unakokwenda. Mlango unaoelekea upepo huurudisha moshi usoni mwa mpishi hata dirisha likiwa kubwa. Bomba la chuma lisigusane na nyasi za paa. Jambo hili si la starehe tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 uchafuzi wa hewa majumbani ulisababisha vifo vya watu wapatao milioni 3.2 duniani. Mkaa nao, ingawa hautoi moshi mwingi, hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka; usiwashwe katika chumba kilichofungwa.

Gesi ya mitungi ina tabia tofauti. Ni nzito kuliko hewa, na ikivuja hushuka na kutambaa sakafuni. Jiko lenye gesi lapaswa kuwa na tundu chini, karibu na sakafu, na mtungi usimame wima mbali na moto wa kuni. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Hivyo anayelipanga jiko leo, hata kama anapika kwa kuni, atenge mapema mahali pa gesi penye tundu lake, asije akabomoa mara ya pili.

Kanuni ya tatu ni ya kimo. Meza ya kukatia na kuoshea iwe chini ya kiwiko cha mpishi kwa sentimita 10 hivi, apate kufanya kazi bila kuinama. Lakini meko ya kusongea ugali yana kanuni yake. Ugali wa muhogo, mtama au wimbi wahitaji nguvu ya mabega, na mpishi husonga akiwa juu ya sufuria. Wapo wanaojengewa meko marefu yapendezayo macho, kisha wakashuka na sufuria kusongea sakafuni. Ukingo wa sufuria kubwa, ikiwa juu ya moto, usizidi kiuno cha mpishi. Na meko yawe na mahali pa kuishikilia isizunguke.

Kanuni ya nne ni ya jirani. Vitu vinavyotumika pamoja vikae pamoja. Unga ukae karibu na mwiko, sabuni karibu na maji, kisu karibu na meza. Kuni ziwe karibu, lakini zisipungue mita moja kutoka kwenye moto, na akiba ikae nje penye kivuli cha mvua. Vitu vya sherehe, kama sufuria za wageni wengi, vihamishwe, kwani nafasi ya kila siku haifai kukaliwa na kitu kinachotumika mara mbili kwa mwaka.

5. Kuujaribu mpango kwa majivu

Mpango uliokubaliwa uchorwe uani kwa majivu, kwa ukubwa kamili wa chumba. Milango ionyeshwe kwa mawe mawili mawili. Kisha ndoo iwekwe mahali pa maji, figa mahali pa meko, kikapu mahali pa unga, na mpishi atembee ndani ya mchoro huo kana kwamba anapika. Msaidizi wake naye aingie, na mtu wa tatu apite kutoka mlango hadi mlango. Wanapogongana, mchoro ufutwe kwa mguu na uchorwe tena. Kosa la majivu halina gharama. Kosa la saruji hulipwa mara mbili, kwa kujenga na kwa kubomoa.

Nchi hii ina mazoea ya kujifunza kwa namna hiyo. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, vikundi vya watu wazima vilisikiliza redio, vikajadili, kisha vikatenda, kwa mfano kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Kikundi cha wanachama chaweza vilevile kulichagua jiko moja, kulipima na kulichora pamoja kwa mchana mmoja.

6. Nani apange, na kwa fedha gani?

Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mara nyingi mpango wa jiko huamuliwa na mwenye fedha pamoja na fundi, na mpishi huonyeshwa ukuta umekwisha simama. Utaratibu huo ugeuzwe. Anayepika aseme kwanza, aujaribu mchoro, naye ndiye atoe neno la mwisho kabla ya fundi kupewa kazi. Pale ambapo mji una wake kadhaa, kila mmoja akiwa na nyumba na meko yake, kila jiko lipimwe peke yake, maana kimo na desturi za wapishi hazilingani.

Kazi igawanywe katika hatua tatu. Hatua ya kwanza haihitaji fedha: kuhamisha meko, maji, kuni, unga na vyombo. Jiko litumiwe hivyo kwa muda wa mwezi mmoja. Hatua ya pili huhitaji nguvu na udongo: kuzibua tundu la moshi, kuziba mlango, kujenga meko na rafu. Hapa majirani wanaweza kusaidiana kwa zamu. Hatua ya tatu ndiyo ya kununua vifaa, na ifikiwe tu kwa yale ambayo hatua mbili za kwanza zimeshindwa kuyaondoa. Mkopo uliotolewa kwa ajili ya pembejeo usiguswe kwa kazi hii. Jiko halitoi mavuno ya kuulipa.

Maswali ya majadiliano

1. Ni kitu gani kinachoendewa mara nyingi zaidi katika jiko lako, nacho kiko hatua ngapi kutoka kwenye meko?
2. Watoto hupita wapi wakati chakula kinapikwa? Ni badiliko gani lisilohitaji fedha litakalowaepusha na moto?
3. Kwa nini tundu la moshi liwe juu na tundu la gesi liwe chini?
4. Taja jiko lililopanuliwa bila kuwa bora. Kosa lilikuwa la jengo au la mpango?

Kazi ya kufanya: kabla ya mkutano ujao kila mwanachama apime mlo mmoja nyumbani kwake na alete hesabu ya hatua, pamoja na mapendekezo yaliyotolewa na anayepika.