Kujaribu Kipande cha Ukurasa Kinachochota Depo Moja na Vingine



Wale wa seksio ya informatiki wanakumbuka mambo ya ukurasa wa biblioteke. Tulitengeneza kipande kinachoonyesha vitabu ambavyo mwanafunzi hajarudisha. Majaribio yote yalipita, kijani tupu. Lakini mtoto mmoja wa darasa la pili, aliyekuwa amerudisha vyote, mashini ikasema bado iko na viwili. Akanyimwa kitabu siku nne, na kumbe alikuwa anasema kweli. Ndiyo maana tunaandika somo hili.

Kwanza tuelewe depo. Ukurasa uliotengenezwa kwa React uko na vipande vingi: butoni, orodha, hesabu ya juu. Vipande hivi vinahitaji habari moja, basi habari inawekwa mahali pamoja. Redux, iliyotoka mwaka 2015, inafanya kazi ile: depo moja, na kila kipande kinaenda kuchota chenyewe. Lakini hakichoti hivi hivi, lazima kiwe ndani ya kifuniko kiitwacho Provider. Ukikijaribu peke yake pasipo kifuniko, programu inakataa pale pale.

Sasa sisi tulifanya nini? Tulidanganya kipande. Mahali pa kwenda depo, tulikipa jibu la uongo: «Orodha yako ni hii, haina kitu.» Wakati ule kitabu kikirudi kilitolewa katika orodha. Kisha mmoja wetu akabadili depo: kitabu kinabaki katika orodha, kinaandikiwa tarehe ya kurudi. Wazo zuri kabisa. Lakini kipande kiliendelea kuhesabu orodha nzima, na jaribio liliendelea kupewa orodha ya namna ya zamani. Likapita! Halikuwa linaangalia depo yetu, lilikuwa linaangalia uongo wetu.

Wengine hukata kipande mara mbili: nusu moja inachota, nusu ya pili inachora tu yale inayopewa mkononi. Si mbaya, nusu ya kuchora inajaribiwa mbio. Lakini kosa letu lilikuwa penye kiungo, na kiungo hakijaribiwi.

Tunavyofanya sasa ni hivi: depo ya kweli, yenye sheria zilezile za programu, ila mpya. Hatuandiki orodha kwa mkono. Tunaijaza kwa matendo yenyewe: azima vitabu 3, rudisha 2. Tunachora kipande ndani ya Provider, kisha tunasoma kama vile mwenye biblioteke angesoma: je, imeandikwa «1»? Tunabonyeza «Rudisha», imekuwa «0»? Hatuchungulii tumboni mwa kipande. Mtu akibadili depo tena namna ile, jaribio litaanguka siku ileile, mbele ya mtoto kunyimwa kitabu.

Hapa tuliangukia shimo lingine. Jaribio la pili peke yake lilipita, likifuata la kwanza lilianguka. Tulipoteza jioni nzima. Kumbe yote mawili yalitumia depo moja, na la kwanza liliacha vitabu vyake mle, sawa na mtu anayepika katika sufuria isiyooshwa. Dawa ni kuandika funksio inayotengeneza depo, na kila jaribio liite funksio ile mbele ya kuanza. Usitengeneze depo moja juu kabisa ya fichie na kuigawia majaribio yote.

Seva peke yake ndiyo bado tunaiigiza, kwa kuwa haiko mikononi mwetu, na umeme ukikatika majaribio yangeanguka bule.

Zoezi: ongezeni jaribio la mwanafunzi asiyeazima kitabu hata kimoja. Kisha pindueni mpangilio, la mwisho liwe la kwanza. Moja likianguka, leteni fichie kwenye seksio Alhamisi, saa nane.