Kumchora Mtoto Kazini: Anza na Mzigo, Si Uso

Ukitaka kumchora mtoto anayefanya kazi, uso uache mwisho. Ukianza nao utavutwa na huruma, na huruma huharibu mstari. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji una kama kilo 20. Mtoto anayeutoa kwenye mfereji wa ploti kule Kayole, Nairobi, kwa mkono wa kulia, bega la upande huo hushuka, kiwiliwili huegemea kushoto, na mkono mtupu hujitanua pembeni ili asianguke. Vuta kwanza mstari mmoja kutoka kisogoni hadi kwenye kisigino kinachobeba uzito. Ukiukosea huo, hata uchore kila tundu la fulana yake, picha haitasimama.

Vincent van Gogh alianzia hapo hapo. Mwaka 1881, akiwa Etten, Uholanzi, alimchora mvulana aliyejikunja akikata nyasi kwa mundu. Mchoro huo uko katika jumba la makumbusho la Kröller-Müller. Mkono wa mchoraji ulikuwa bado mgeni, viungo vimekakamaa kidogo, lakini kazi yenyewe inaonekana mara moja.

Angalia pia vipimo. Kwa mtoto wa miaka 7, urefu wa mwili ni kama vichwa sita. Kwa mtu mzima ni saba na nusu. Wengi wetu hupunguza tu mtu mzima, tukapata kizee kifupi.

Kwa kuchorea, makaa ya jikoni ni magumu, hukwaruza. Tengeneza yako: menya vijiti vyembamba, vipange ndani ya mkebe wa bati, toboa kifuniko tundu dogo, uweke juu ya jiko hapo nje. Moshi ukiacha kutoka, epua. Usifungue mpaka upoe kabisa, vijiti visije vikashika moto. Karatasi ya kaki ya kufungia vitu hushika makaa vizuri kuliko manila laini.

Kabla ya yote, zungumza na mzazi. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 inalinda faragha ya mtoto, na mtoto anayeokota chuma katika jaa la Dandora si sawa na anayemchotea mama maji Jumamosi. Huyo wa jaani, mimi nisingeonyesha sura yake kabisa, wala kumpiga picha kwa simu kutoka mbali ili nikamchore nyumbani. Van Gogh aliwalipa waliokaa ili awachore. Nawe lipa, kisha mchoro wa kwanza mwachie mtoto. Wako ni wa pili.