Somo kwa Makatibu: Kazi Zote Katika Faili Moja

Kabla ya masika mojawapo tuliazimia kikaoni kusafisha mifereji ya tangi la kijiji kimoja huko Ngorongoro. Azimio likabaki kwenye muhtasari. Mvua ikanyesha, maji yakamwagika chini, na wakati wa kiangazi akina mama wakarudi kuchota mbali.

Siku hizi kazi zote tunaziandika katika faili moja la maandishi matupu, kwa utaratibu wa todo.txt ulioanzishwa na Gina Trapani wa Marekani mwaka 2006. Kila kazi ni mstari mmoja:

(A) Safisha mifereji ya tangi +maji @Ngorongoro
(B) Peleka stakabadhi kwa mhisani +maji @Karatu

Herufi huonyesha uzito wa kazi, + ni mradi, @ ni mahali. Kazi ikiisha, weka x mwanzoni mwa mstari.

Kwenye kompyuta ya Linux yenye programu yake, katibu huandika amri todo.sh ls @Ngorongoro, na kazi za huko pekee hutokea, kabla gari halijaondoka Karatu. Wengine wafungue faili kwa Notepad, inatosha kabisa. Intaneti haihitajiki.

Utaratibu huu haukutenga alama ya mhusika. Sisi tunaongeza jina lake mwishoni, na mstari usio na jina hatuupokei.