KALIBU YA MPIRA WA SILIKONI: SOMO NILILOLIPIA
Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Udongo uwahi ungali maji, walisema wahenga. Mpenzi msomaji, methali hii tumeiandika kwenye insha mara nyingi tangu shule ya msingi, lakini mimi niliielewa likizo ya Agosti nikiwa hapa kwetu Kabiria, katika karakana ya mjomba wangu. Tega sikio nikueleze, kwani hili ni somo la Kemia, la Hisabati na la maisha kwa pamoja.

Kalibu ni nini? Ni chombo chenye uwazi wa umbo fulani. Ukimimina ndani yake kitu cha majimaji, kikishaganda kinatoka na umbo lile lile. Mafundi wa jua kali humimina alumini iliyoyeyushwa katika kalibu za mchanga, wakapata sufuria. Kalibu ya mchanga huvunjwa kila mara. Ile ya silikoni ni tofauti. Inajikunja kama kandambili, inatoa umbo hata lenye mikunjo, na inatumika tena na tena.

Mpira wa silikoni si utomvu wa mti. Asili yake ni silika, yaani ile inayopatikana kwenye mchanga wa kawaida, ambayo hupitishwa viwandani mpaka ikawa kitu kizito kama uji. Mpira huu hustahimili joto la zaidi ya digrii 200 za selsiasi. Hata soli za viatu walivyovaa wanaanga wa Apollo 11 walipotembea mwezini mwaka wa 1969 zilikuwa za silikoni. Lakini usidanganyike ukamimina alumini humo! Alumini huyeyuka kwenye digrii 660. Silikoni ni ya nta, plasta ya Paris, sabuni na vitu kama hivyo.

Sasa kisa chenyewe. Mjomba hutengeneza mapambo ya plasta na mishumaa. Mteja mmoja aliagiza mishumaa 40 yenye umbo la kibuyu kwa ajili ya harusi, na akatupa wiki mbili. Mjomba akaniambia, "Mpwa wangu, faida ya kazi hii ndiyo itamaliza salio la karo yako ya muhula wa tatu. Nisaidie tuifanye." Nilifurahi si haba. Kulikuwa na kilo moja ya silikoni, sehemu A na sehemu B. Siku hiyo mjomba alikwenda mjini, nami nikaona nimshangaze. Nilifinyanga kibuyu kwa plastisini ya mdogo wangu, nikavaa glavu za mpira, nikachanganya nusu kilo kwa kukadiria tu kwa macho, nikamimina.

Kesho yake nilifungua kisanduku nikabaki mdomo wazi. Upande wa nje ulikuwa umeganda, lakini ndani, pale ilipogusa plastisini, silikoni ilikuwa inanata kama ugali ambao haujaiva. Nusu kilo imekwenda, na karo yangu nayo inaondoka hivi hivi naiona. Nililia. Mjomba hakunigombeza. Aliokota tu ile karatasi ya maelezo iliyokuja na mikebe, ambayo mimi sikuisoma, akanipa na kusema, "Soma. Halafu unieleze."

Nikasoma. Silikoni yetu ilikuwa ya aina inayogandishwa kwa kichocheo cha platinamu. Mwalimu wa Kemia ametufundisha kwamba kichocheo huharakisha mmenyuko bila chenyewe kwisha. Kumbe kichocheo hicho kina adui zake! Salfa ndiye mkubwa wao. Salfa hushikana na platinamu, ikashindwa kufanya kazi. Na salfa imo katika aina nyingi za plastisini, na glavu za mpira wa utomvu nazo huleta shida hiyo hiyo. Ipo aina nyingine ya silikoni, inayotumia kichocheo chenye bati, ambayo haisumbuliwi na salfa namna hiyo, ila kalibu yake huchakaa mapema zaidi. Basi kosa halikuwa la silikoni. Lilikuwa langu.

Tukaanza upya, safari hii hatua kwa hatua.

1. Kielelezo. Fundi seremala jirani alituchongea kibuyu cha mti chenye urefu wa sentimita 8 na upana wa sentimita 6 kwenye tumbo. Tukakipaka vanishi, kikakauka siku mbili. Kwanza tulijaribu tone dogo la silikoni juu yake. Likaganda vizuri.

2. Hesabu. Tulikuwa na gramu 500 tu, na pesa za kununua nyingine hakuna. Tuligundisha kitako cha kibuyu kwenye ubao na kukizungushia kisanduku cha sentimita 8 kwa 8, kimo 9. Ujazo wake ni sentimita mchemraba 576. Kibuyu, tulipokizamisha katika maji ya jagi lenye vipimo, kilipandisha maji kwa 140. Ukitoa, unabaki na 436. Kila sentimita mchemraba ya silikoni ina uzito wa gramu 1.1 hivi, kwa hiyo tulihitaji karibu gramu 480. Zilitutosha kwa unywele!

3. Kuchanganya. Yetu ilitaka A na B sawa kwa sawa, gramu 240 kila moja, kwa mizani. Nyingine hutaka kumi kwa moja, kwa hiyo soma maelezo yako. Koroga polepole, ukikwangua kuta na kitako cha chombo. Ukikoroga kwa fujo unaingiza hewa.

4. Kumimina. Mimina kutoka juu kidogo, uzi mwembamba, kwenye kona moja. Iache silikoni ipande yenyewe mpaka ifunike kielelezo. Uzi mwembamba huvunja vipovu vya hewa. Hapa ndipo methali yetu inapoingia: ukishachanganya una dakika chache tu kabla haijaanza kukaza. Huwezi kwenda kupiga gumzo dukani.

5. Kufungua. Tuliacha usiku kucha. Asubuhi tukaipasua upande mmoja kwa wembe, mkato wa kupindapinda ili pande mbili zirudiane sawasawa, tukatoa kibuyu na kuifunga kalibu kwa raba. Kumbuka pia kwamba silikoni hushikana na silikoni mwenzake. Ukitengeneza kalibu ya vipande viwili, paka mafuta ya mgando katikati.

Nta tuliyeyusha kwenye sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria nyingine yenye maji, kamwe si juu ya moto moja kwa moja, kwani nta hushika moto. Kalibu moja ilitoa mishumaa minne kwa siku. Siku kumi, mishumaa 40. Tulikabidhi kazi siku ya mwisho, jioni! Na ninapoandika haya, sina salio la karo.

Msomaji, usidhani kazi hii ni ya mishumaa tu. Pale Makumbusho ya Taifa, Nairobi, kuna mafundi wanaotengeneza nakala za visukuku. Mifupa ya Kijana wa Turkana, ambaye kipande chake cha kwanza kilionwa na Kamoya Kimeu huko Nariokotome mwaka wa 1984, ina umri wa miaka milioni 1.5 hivi. Kitu kama hicho hakiwezi kupitishwa mkono kwa mkono darasani. Kwa kalibu, mfupa halisi unabaki salama huku nakala zikisomwa ulimwenguni kote.

Nilijifunza nini? Kwamba kalibu haina huruma. Inanakili ukucha, inanakili vumbi, inanakili uvivu wako pia.

Maswali ya kujipima:
(a) Kwa nini silikoni ya mwandishi haikuganda mara ya kwanza?
(b) Kisanduku ni cha sentimita 10 kwa 8 kwa 7, kielelezo kina ujazo wa 160. Utahitaji gramu ngapi za silikoni?
(c) Eleza matumizi ya methali "Udongo uwahi ungali maji" katika kisa hiki.