SELERI: KUPANDA NA KUVUNA KWA WAKATI WAKE



Siku ya kupima watoto, wamama wa Lubumbashi wanatuuliza: «Seleri yangu inakuwa chungu na ngumu sawa kamba, juu ya nini?» Tukiwauliza waliipanda mwezi gani, wengi wanajibu: mwezi wa saba, mwezi wa nane.

Seleri haipendi joto. Kwetu baridi iko mwezi wa sita na wa saba, na joto kali inafika mwezi wa tisa na wa kumi. Basi mupande mapema. Mwaga mbegu mwezi wa pili, hamisha miche mwezi wa ine, na mwezi wa sita utaanza kukata.

Mbegu ni ndogo sana. Uiloweke usiku mumoja, uichanganye na muchanga kidogo, kisha uimwage juu ya udongo laini. Usiizike, inataka mwangaza. Weka kisakafu cha majani juu yake kwa kuikinga na mvua kali. Inaota kisha wiki 2, hata 3. Wengine wanachoka siku ya 10, wanalima tena pale pale na kuharibu yote!

Miche ikipata majani 5 ao 6, hamisha jioni, sentimeta 30 kati ya mumoja na mwingine, bila kufunika moyo wake na udongo. Mvua inaisha mwezi ule, kwa hiyo utamwangilia kila siku. Ukiacha udongo ukauke siku nyingi, mashina inakuwa wazi ndani, na maji ya kisha haiiponyeshi. Kama kisima iko mbali, panda kumi tu. Inatosha kwa supu ya nyumba.

Lakini maji gani? Hapo ndipo tunaogopa juu ya mutoto. Mufereji unaopita karibu ya vyoo unaleta minyoo na kuhara, hata kama majani inaonekana safi. Tumia maji ya kisima kizuri. Mbolea ya kuku ao ya mbuzi iwe imeoza kabisa. Na mbele ya kupika, tenganisha mashina, osha moja moja, kwa sababu uchafu unajificha chini kabisa. Kwa mutoto mudogo, chemusha.

Seleri inaleta utamu, haileti nguvu. Mama anayeuza mafungu sokoni, anunue kwanza maharagi ao ndagala ya mutoto, mbele ya kitu kingine.

Kata asubuhi, mashina ya inje tu. Yale ya ndani itaendelea kukomaa. Ukiona shina la maua linapanda katikati, ngoa mumea wote upike juma lile, kwani majani itakuwa chungu.

Mwisho wa mwezi wa nane, vuna yote. Mvua ikirudi, mwaga lengalenga pale pale. Hiyo haiogopi joto, na kisha mwezi mumoja hivi utaichuma.