Mtazamo wa Watumishi wa Afya kuhusu Kompyuta: Somo kutoka Same

Mtumishi wa afya anapokabidhiwa kompyuta, ni nini kinachoamua kama ataitumia vema, ataitumia shingo upande, au ataiacha mezani imefunikwa kitambaa? Somo hili linaeleza uhusiano uliopo kati ya mtazamo wa mtumishi na matumizi ya chombo hicho, kwa kuyaangalia mazingira ya Wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro.

Kwa nini jambo hili ni la afya

Mgonjwa wa Upare wa Kusini huweza kuanzia zahanati ya kijiji mlimani, akateremshwa hadi hospitali ya wilaya mjini Same, kisha akapewa rufaa kwenda KCMC mjini Moshi, umbali wa takriban kilomita 100. Katika kila hatua hupokewa na watu wasiomjua. Kinachomtambulisha ni kumbukumbu zake. Ikiwa mzio wake wa penisilini haukuandikwa, au umeandikwa mahali pasipofunguliwa, kosa hilo dogo laweza kumgharimu uhai.

Kwa miaka mingi kumbukumbu za vituo zimewekwa katika madaftari ya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Kufikia mwaka 2013, takwimu za wilaya nchini zilikuwa zikiingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa DHIS2. Vituo vya serikali navyo vimeendelea kupokea mfumo wa GoTHOMIS, unaohifadhi taarifa za wagonjwa, dawa na malipo.

Mtazamo ni nini?

Mtazamo una sehemu tatu: yale mtu anayoamini kuhusu kitu, yale anayohisi, na yale anayokusudia kutenda. Mwaka 1989, mtafiti wa Marekani Fred Davis alionyesha kwamba imani mbili huhusiana sana na matumizi ya kompyuta kazini. Ya kwanza ni imani kwamba kompyuta itaiboresha kazi. Ya pili ni imani kwamba haitamchosha mtumiaji. Kati ya hizo mbili, imani ya faida ndiyo iliyokuwa na uzito zaidi. Watu huvumilia chombo kigumu chenye manufaa, lakini hawadumu na chombo chepesi kisichowafaa kitu.

Mtazamo hutoka wapi?

Ni kosa kudhani kwamba anayeiogopa kompyuta ni mjinga. Serikali yetu yenyewe ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini mwaka 1974, baada ya mfumo wa hesabu za serikali kutofanya kazi kama ilivyotarajiwa. Hofu ile ilitokana na uzoefu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Tuchukue mfano wa muuguzi aliye peke yake zamu katika zahanati ya mlimani. Kina mama thelathini wanamngoja na watoto wao. Anaandika katika daftari, kisha anatakiwa kuyaingiza yale yale katika kompyuta. Umeme unakatika kabla hajahifadhi, anaanza upya. Akisema kwamba kompyuta inampotezea muda, je, huo ni mtazamo mbaya au ni taarifa ya kweli kuhusu kazi yake?

Nia na njia

Wahenga walisema penye nia pana njia. Katika jambo hili kinyume chake pia ni kweli: penye njia, nia hukua. Mtazamo mzuri huongeza matumizi, na matumizi yenye mafanikio huujenga mtazamo. Kwa hiyo utafiti uliopima mambo haya mawili kwa siku moja tu hauwezi kusema lipi lilimzaa mwenzake.

Tena, pale ambapo matumizi ni amri, idadi ya watumiaji haionyeshi mtazamo wao. Wote watatumia. Tofauti itajitokeza katika ubora: taarifa zilizochelewa, nafasi zilizoachwa wazi, na tarakimu zilizonakiliwa kutoka mwezi uliopita.

Funzo la ndiva

Wapare wana ndiva, mabwawa yanayokusanya maji usiku ili yafunguliwe mchana kwenda mashambani. Mifereji yake husafishwa kwa msaragambo, na kila mkulima hupata zamu yake ya maji. Mtumishi anayeingiza takwimu kila mwezi bila kurudishiwa hata ripoti moja ni sawa na mkulima anayeitwa kwenye msaragambo pasipo kupewa zamu. Atakuja na jembe, lakini moyo ataubakiza nyumbani. Kiongozi akimrudishia takwimu zake, naye akaona kwamba zimemwezesha kuagiza chanjo kabla hazijaisha, mtazamo wake utabadilika pasipo hotuba.

Namna ya kupima

Kiongozi wa kituo aweza kutumia kipimo alichokianzisha Rensis Likert mwaka 1932. Mtumishi husomewa kauli, kwa mfano "Kompyuta hunisaidia kumhudumia mgonjwa vizuri zaidi", kisha huchagua daraja, kuanzia 1 (sikubali kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa). Mambo matatu yazingatiwe:

1. Majibu yasiandikwe majina, wala yasikusanywe na msimamizi. Anayeogopa hujibu linalopendeza.
2. Matumizi yapimwe kwa kumbukumbu za mfumo wenyewe, si kwa maneno ya mtumiaji pekee.
3. Vipimo virudiwe baada ya miezi kadhaa, ili mabadiliko yaonekane.

Hitimisho

Kabla ya kuandaa semina ya kubadili fikra za watumishi, uliza kwanza: umeme upo? Kazi inafanywa mara mbili? Ripoti huwarudia? Baada ya hayo, mafunzo yatapata udongo wa kuota.

Maswali ya kujadili

1. Katika kituo chako, ni taarifa zipi zinazoandikwa mara mbili, na nani anazisoma?
2. Ni lini mara ya mwisho takwimu ulizoingiza zilikusaidia kufanya uamuzi?
3. Utatofautishaje mtumishi asiyetaka na mtumishi asiyewezeshwa?