Kulungu kwenye lambo la ng'ombe: haki na mipaka ya mwindaji Arizona

Phoenix na Tucson zina Waswahili wengi sasa: Wakongomani, Warundi, Watanzania, na waliokulia kambini Nyarugusu au Kakuma. Wengi wetu tulikua tukijua kwamba kukutwa porini na silaha ni ujangili, basi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na hadi leo hakuna leseni ya mwananchi ya kwenda kuwinda nyama huko. Ndiyo maana mtu akifika Arizona na kumwona mwenzake wa kazini akirudi na kulungu kwenye gari lake, mchana kweupe, hajui afikirie nini. Wapo wanaoogopa hata kuuliza. Wapo wanaonunua bunduki wiki hiyohiyo na kuelekea jangwani bila kujua sheria hata moja. Hawa wa pili ndio wananitia wasiwasi, kwa sababu kwa mgeni asiye raia kosa dogo la porini linaweza kuvunja maisha aliyoyajenga kwa miaka.

Ugomvi mwingi huzuka kwenye maji. Arizona ni kame. Kulungu wa masikio makubwa na yule mdogo wa mkia mweupe hunywa palepale wanapokunywa ng'ombe: kwenye malambo ya udongo yaliyochimbwa na wafugaji, au mabirika ya chuma yanayojazwa na pampu za upepo na za jua. Mwindaji naye anajua hilo, hivyo huenda kuvizia hapo. Mfugaji akifika kukagua maji anamkuta mtu mwenye bunduki amekaa kando ya birika lake. Nani ana haki ya kumwondoa mwenzake?

Anza na ardhi. Sehemu kubwa ya malisho ya Arizona si mali ya mfugaji. Ni ardhi ya serikali kuu, iliyo chini ya Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi (BLM) au misitu ya taifa kama Tonto, Kaibab na Coronado. Mfugaji ana kibali cha kulisha tu. Sheria ya malisho ya mwaka 1934, inayojulikana kama Sheria ya Taylor, inasema wazi kwamba kibali hicho hakimpi mwenye nacho umiliki wowote wa ardhi yenyewe. Anaweza kuwa ndiye aliyechimba lambo, ndiye anayelipia pampu, hata akawa na haki ya kutumia yale maji, lakini hayo hayamfanyi kuwa mwenye pori. Ukiwa na leseni na kibali cha mnyama husika, ndani ya msimu wake, hana mamlaka ya kukufukuza kwenye ardhi ya umma kwa sababu ya ng'ombe wake.

Kuna pia ardhi ya amana ya jimbo, zaidi ya ekari milioni 9. Hii si ya umma kama zile nyingine. Hukodishwa ili kuchangia shule na taasisi nyingine. Mwenye leseni halali anaruhusiwa kuingia humo akiwa anawinda kihalali. Ukienda kupiga picha au kula chakula na familia, leseni ya kuwinda haikusaidii. Unahitaji kibali kingine.

Shamba la mtu binafsi ni habari tofauti kabisa. Mwenye shamba akitaka kukataza uwindaji, sheria inamtaka aweke mabango yanayosomeka, yenye maneno ya kukataza, katika kila njia ya gari, kwenye kona za mipaka, na kwa umbali usiozidi robo maili kati ya bango na bango. Lakini usitegemee sana upungufu wa mabango. Mwenye shamba akikuambia utoke, toka hapohapo. Ukibaki, hata kama hapakuwa na bango hata moja, umeshaingia kwenye kosa la jinai. Kinyume chake, mfugaji haruhusiwi kubandika bango la kukataza uwindaji kwenye ardhi ya jimbo au ya serikali kuu anayoikodi, isipokuwa Tume ya Wanyamapori na Samaki ya Arizona imekubali. Ukikuta bango ambalo ramani yako inalipinga, usiling'oe wala usibishane na mtu mwenye silaha. Piga picha, weka alama ya mahali ulipo kwenye simu, ondoka, kisha upeleke taarifa kwa Idara ya Wanyamapori na Samaki.

Sasa sheria ambayo ningependa kila Mswahili wa Arizona aijue kabla ya kununua hata risasi moja. Ni kosa kupiga kambi ndani ya robo maili, yaani mita 400 hivi, ya shimo la asili lenye maji au kinyweshea kilichotengenezwa na binadamu chenye maji, mahali ambapo kambi yako itawanyima wanyamapori au mifugo maji pekee wanayoweza kuyafikia kwa urahisi. Soma tena: wanyamapori au mifugo. Sheria haikumtanguliza ng'ombe, haikumtanguliza kulungu. Imemtanguliza mwenye kiu. Na sababu yake ni ya kweli. Hema, moto, jenereta na sauti za watu usiku kucha vinatosha kumzuia kulungu jike na mtoto wake wasikaribie, na ng'ombe wa porini ambao hawajazoea watu watasimama mbali wakilia hadi asubuhi. Katika joto la jangwa la Arizona, usiku mmoja bila maji si jambo dogo kwa mnyama.

Watu hujitetea kwamba kulikuwa na maji mengine karibu. Huenda ni kweli, na sheria inaacha nafasi hiyo. Lakini atakayekuandikia kosa ni askari aliyesimama pale, na atakayeamua ni hakimu, si wewe na ramani yako. Mimi nakushauri usihesabu vighairi: ukiona maji, peleka hema zaidi ya mita 400 kutoka hapo, kila mara. Kosa hili ni la daraja la pili kati ya makosa madogo. Adhabu yake inaweza kufika miezi minne jela na faini ya dola 750, kabla ya nyongeza za mahakama.

Kupiga kambi si sawa na kuvizia. Kukaa kando ya lambo saa chache ukisubiri, hata ndani ya kibanda cha kitambaa, sheria hii ya kambi haikukatazi. Usichoweza ni kuliteka lambo. Hakuna anayemiliki sehemu ya kuvizia kwenye ardhi ya umma kwa sababu aliweka kiti chake kwanza. Mfugaji akija kurekebisha pampu wakati umekaa, hajakuingilia, yuko kazini. Kukuvuruga kwa makusudi ili usiwinde ni kosa lake, lakini kazi halali ya ufugaji si kosa. Kwa kweli mtu huyo ndiye anayewanywesha kulungu unaowataka. Msalimie, mwambie ulipo, muulize kama kuna ng'ombe wengine karibu.

Chambo cha kula cha kuwavutia wanyama wakubwa hakiruhusiwi. Tangu Januari 1, 2022, kamera za kufunga porini nazo haziruhusiwi kutumika kumtafuta mnyama wa kuwinda, na kwenye maji ndiko zilikuwa zimezagaa kuliko popote. Usipige risasi ndani ya robo maili ya nyumba inayokaliwa bila ruhusa ya mwenyewe. Usipige ukiwa ndani ya gari. Geti la uzio liache ulivyolikuta, lililofungwa libaki limefungwa.

Halafu ng'ombe wenyewe. Maji hukusanya wanyama, na kulungu mara nyingi husimama mbele ya ng'ombe. Risasi ya bunduki kubwa inaweza kumpita kulungu na kumpata ndama aliye nyuma yake. Anayejeruhi au kusumbua mifugo akiwinda, mbali na kumlipa mwenye mali, anaweza kunyang'anywa haki ya leseni hadi miaka mitano kwa kosa la kwanza. Kuharibu birika, pampu au bango ni vivyo hivyo. Arizona imo katika mkataba wa majimbo wa makosa ya uwindaji, kwa hiyo kufungiwa huku kunakufuata ukihamia kwingine.

Takriban robo ya jimbo ni ardhi ya mataifa ya Wahindi Wekundu: Navajo, San Carlos Apache, Tohono O'odham na wengine. Leseni ya jimbo peke yake haikupi haki ya kuwinda huko. Kila taifa lina sheria zake na vibali vyake.

Kuhusu bunduki, tusome taratibu. Raia, mwenye green card na mkimbizi aliyepokewa rasmi hawazuiwi na sheria ya serikali kuu kumiliki bunduki kwa sababu ya hadhi yao ya uhamiaji. Asiye na hadhi halali haruhusiwi hata kuishika, na leseni ya kuwinda haibadilishi hilo. Mwenye viza ya muda, kama mwanafunzi, kwa kawaida hazuiwi akiwa na leseni halali ya kuwinda kutoka jimbo lolote. Anayesubiri jibu la ombi la hifadhi azungumze na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kugusa bunduki, hata ya kuazimwa. Aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa, au kwa kumpiga mwenzi wake hata kama kosa liliitwa dogo, amezuiwa na sheria ya serikali kuu, mwenye green card na raia pia.

Askari wa wanyamapori akikujia, mwonyeshe leseni, kibali na mnyama uliyemwinda. Hilo ni wajibu. Maswali mengine una haki ya kutoyajibu bila wakili. Kama huelewi Kiingereza vizuri, sema hivyo mapema na usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Ukishtakiwa kwa jinai, una haki ya mkalimani mahakamani.

Na usikiri kosa lolote la silaha ili tu ulipe faini urudi kazini. Kwa asiye raia, kutiwa hatiani kwa kosa la silaha kunaweza kuwa sababu ya kurudishwa alikotoka, hata kama hakulala jela usiku mmoja. Katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, mwaka 2010, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba wakili wa utetezi lazima amweleze mteja asiye raia hatari ya kufukuzwa nchini kabla hajakiri. Kama hajakueleza, muulize yeye mwenyewe, kwa maneno haya: nikikiri hili, kibali changu cha kukaa Marekani kitakuwaje?